Faili za kompyuta: Ipi ifutwe, ipi iachwe?

Jina geni la faili si ushahidi wa virusi. Mwaka 2002, baruapepe za uongo ziliwahimiza watu kufuta jdbgmgr.exe, yenye picha ya mwanasesere wa dubu. Kumbe ilikuwa sehemu halali ya Windows.

Mfanyabiashara wa Daraja Mbili, Kisii, anayehifadhi hesabu za duka kwenye kompyuta aweza kupata hasara kubwa akikosea. Kwanza aangalie faili ilipo: svchost.exe halisi hukaa ndani ya System32 au SysWOW64. Ikionekana kwenye folda ya picha, ishukiwe. Faili za muda zaweza kufutwa kupitia mipangilio ya Windows. Penye shaka, anakili hesabu zake kando, kisha programu ya kukinga virusi ikague faili hiyo.