Ziwa la Mbali, Reli ya Karibu



Mtoto wa Kitengela akiuliza kwa nini taarifa ya chama chetu yataja habari za meli, hali Kajiado haina bahari, na ajibiwe hivi: meli zile zilielea mbali, lakini mizigo yake ilipita ukingoni mwa malisho ya baba zetu.

Hapo kale biashara ya Ziwa Viktoria ilichukuliwa kwa mitumbwi na majahazi. Kisha ikaja stima iitwayo William Mackinnon. Ililetwa Mombasa vipande vipande, ikaundwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli nayo, baada ya kuvuka nyanda za Kapiti na Athi, ilifika Kisumu Desemba 1901. Toka hapo meli zilikusanya pamba, kahawa na ngozi katika bandari za Uganda, Bukoba na Mwanza. Gari la moshi likazipokea Kisumu na kuzipeleka pwani. Mizigo ya Uganda iliendelea kupita ziwani hivyo mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931.

Lakini reli ile iligharimu fedha nyingi, na Serikali ya Kiingereza ikawaita walowezi walime kando yake ili ipate faida. Kwa mkataba wa 1904, uliokubaliwa na Olonana, Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa, mbali na reli. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba makao hayo yatadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Haikutimia miaka 10: mkataba wa 1911 uliwatoa Laikipia pia. Ole Njogo na wenzake wakashtaki. Mwaka 1913 mahakama ikaitupa kesi, ikisema mikataba ya namna ile haikuwa juu yake kuiamua.

Twajifunza nini? Biashara si adui, nayo reli imetufaa. Ila njia ya mali haiulizi malisho ni ya nani, isipokuwa mwenyewe amejiandaa kujibu. Mwaka 2019 reli mpya ya kwenda Suswa ilipita Rongai na Ngong, na mbuga za Kitengela zimekatwa viwanja vingi. Basi kila mwenye ardhi na aitunze hati yake, aisome, wala asitie sahihi kabla ya kushauriana na jamaa zake, wazee na mwanasheria. Baba zetu walipewa ahadi. Sisi tuwaachie watoto wetu ardhi.