Reli ya Magadi na Akina Mama Wasioandikwa

Reli ya Magadi huachana na njia kuu ya Mombasa pale Konza, ikapita Kajiado, kisha ikateremka Bonde la Ufa mpaka Ziwa Magadi, mwendo wa takriban kilomita 146. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai katika mkataba wa pili kuhusu ardhi yao, na kufikia 1913 walikuwa wamehamishwa kutoka Laikipia pamoja na mifugo yao. Yote hayo yameandikwa: tani za magadi, barua za magavana, hata kesi ya 1913 ambayo Wamaasai waliipeleka kortini wakashindwa. Mimi nimeifuata njia hiyo nikimtafuta mtu mwingine, yule mama Mkristo aliyeishi miaka themanini au tisini akilea, akipika na kuomba. Mara nyingi maandishi yanayosimulia maisha yake mwanzo hadi mwisho ni kijitabu cha mazishi peke yake.

Tunakijua kijitabu hicho: picha jaladani, ratiba ya ibada, nyimbo, kisha wasifu wa marehemu. Mwaka wa kuzaliwa huwa wa kukadiria, na kosa si la watoto wake. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulianza kuwafikia Waafrika wa Kenya 1963, ukaenea nchi nzima 1971. Kabla ya hapo msichana wa Kajiado alihesabiwa umri kwa rika la morani aliocheza nao ngoma, Ilnyangusi au Iseuri, au kwa ukame wa 1960 na 1961 uliomaliza ng'ombe, mafuriko yakafuata. Mjukuu anayeulizauliza wazee usiku wa matanga anafanya kazi halisi ya mwanahistoria, tena kwa haraka, maana kijitabu kinangojwa na mpiga chapa.

Hapo Kajiado mjini ipo shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya kanisa la Africa Inland Church (AIC), iliyoanzishwa 1959. Baadaye mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, alijulikana kote nchini kwa kuwapokea wasichana waliokimbia kuozwa. Historia ya kanisa umaasaini, hata hivyo, imezoea kuanza na wamishonari wa kiume na wazee waliobatizwa. Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu Wamaasai wa Tanzania, alionyesha kwamba mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walijitahidi kuwavuta wanaume, lakini waliokuja na kubaki kanisani walikuwa wanawake. Upande wa huku Kenya nako, ingia ibada yoyote Jumapili uhesabu vichwa.

Kinachonigusa zaidi ni nyumba. Katika boma la Kimaasai nyumba hujengwa na mama mwenyewe, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na ni yake: yeye ndiye mwenye moto, maziwa na kitanda cha ngozi. Magadi mambo yaligeuka. Laini za nyumba za wafanyakazi zilijengwa na kampuni, mume akapewa nyumba kwa sababu ya kazi, na kazi ilipokwisha nyumba ilirudishwa. Mama akawa mlezi wa makao ambayo hayakuwa yake wala ya mumewe. Na ni makao magumu! Joto linapita nyuzi 40 katika miezi mibaya, vumbi la magadi linauma macho, na ziwa halinyweki. Maji matamu huletwa kwa bomba kutoka Mto Oloibortoto, chini ya milima ya Nguruman. Katika laini hizo wanawake wa Kimaasai, Wakamba, Waluo, Waluhya na Wakikuyu walilea watoto ukuta kwa ukuta, wakaelewana kwa Kiswahili, wakatembeleana wakati wa kuzaa na wakati wa kufiwa. Sioni ni kwa nini ujirani huo usihesabiwe kuwa sehemu ya mtaji wa kampuni. Mfanyakazi asingedumu kule miaka ishirini bila mtu wa kumshikia nyumba.

Akishapata kiinua mgongo, mume alirudi alikotoka au alitafuta ploti Kitengela. Nyanda hizo zilikuwa ranchi ya jamii, nayo ikagawanywa katika miaka ya 1980. Eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River lilipoanzishwa 1990, mji ukaumuka. Leo mawe ya makaburi ya bibi wengi yako nyuma ya nyumba za kupangisha, na ardhi inapouzwa hata jiwe huweza kuondoka.

Ndiyo maana nasisitiza vijitabu. Kanisa linavitumia siku moja, kisha vinafungiwa maandazi. Basi, wewe uliyemzika mama yako Magadi, Kajiado au Kitengela, usikitupe kijitabu chake. Andika pembeni majina ya walio kwenye picha, sahihisha mwaka kama unaujua, mpe katibu wa parokia nakala moja, na nyingine uipeleke Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Kama yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, yuko hai, keti naye wiki hii umwulize alicheza ngoma na rika gani, ni nani aliyemfundisha kusoma, na nyumba yake ya kwanza aliijenga wapi.