Nyundo ya Mulopwe na Jembe la Ukutani

Siku hizi majembe ya zamani, mashoka na nyundo za mafundi wa chuma zinageuzwa mapambo. Jembe linatiwa minyororo na kuwa kinara cha taa. Mashoka mawili yanatundikwa katika chumba cha wageni. Wengine wanafurahi na kusema: heri pambo kuliko kutu. Wengine wanakasirika na kusema: vitu vya wazee visiguswe. Nani ana haki? Tuulize historia ya Katanga, kwani Waluba walikutana na neno hili zamani sana.

Kwa Waluba, nyundo ilikuwa chuma kizito chenye kazi mbili. Fundi aliishika mukononi na kupiga nayo, ao aliisimamisha na kufua chuma juu yake. Masimulizi yao yanasema kwamba Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, ndiye aliyewaletea ufundi bora wa kufua chuma. Kwa hiyo ufalme na kazi ya moto vilikwenda pamoja, na Mulopwe mupya alipotawazwa, desturi mojawapo iliitwa kupiga nyundo.

Basi, wazee hao hawakuogopa kufanya pambo. Walifua vyuma vidogo vyenye sura ya nyundo, na wanawake walivitia katika nywele zao. Jina lake kinyundo. Shoka vilevile: wachongaji walitia kichwa cha mwanamuke juu ya mupini, na mafundi wakachora mistari juu ya chuma. Shoka hilo halikukata muti hata mumoja. Sultani alilibeba begani, watu wakajua ni nani anayepita. Lakini tuangalie vizuri: kinyundo kilifanywa upya, na nyundo yenyewe ilibaki katika kibanda cha fundi, ikifanya kazi yake. Pambo halikula chombo.

Desturi hii ina umri gani? Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Kiisha, katika miaka ya 1970, Pierre de Maret aliendelea na kazi katika bonde lile la Upemba. Pale Kamilamba alikuta kaburi la karne ya 8 ao ya 9. Ndani yake mulikuwa shoka la heshima, mupini wake umepambwa kwa misumari, na karibu na kichwa cha marehemu palikuwa nyundo ya chuma. Tangu zaidi ya miaka elfu moja, nyundo na shoka zilikuwa alama za mutu mukubwa!

Tumejuaje jambo hili? Chuma chenyewe hakisemi. Tumejua kwa sababu waliochimba waliandika kila kitu kililala wapi: hiki karibu na kichwa, kile pembeni. Kama muchuuzi angaliitoa nyundo ile usiku na kuiuza, leo ingalikuwa kipande cha chuma kizito, basi. Ingaliweza kuonyeshwa katika nyumba nzuri ya makumbusho huko Ulaya, nayo ingalikuwa bubu vilevile.

Tunao mufano mwingine. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, mubenediktini wa Katanga, alitangaza andiko juu ya watu walioitwa wakula-shaba. Alieleza ginsi walivyochimba mawe ya kijani na kuyayeyusha hata kupata misalaba ya shaba. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa karibu kufa, sababu viwanda vya Lubumbashi vilikuwa vikiyeyusha shaba tangu mwaka 1911. Tanuru za udongo zilibomoka, lakini kazi yake tunaijua, kwa kuwa iliandikwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka pambo afanye kama mafundi wa kinyundo: atwae chuma kingine, afuate sura ya zamani, auze kazi yake kwa haki. Lakini jembe la zamani, kabla halijafika motoni, liulizwe: nani alikufua, katika kijiji gani, kwa kulima nini? Mara nyingi mupini ndio unaotupwa kwanza, na kumbe alama za mikono ya waliolima ziko pale. Kitu kilichokatwa na kuunganishwa kwa moto hakirudi tena.

Padiri ao katekista anayetembelea vijiji bado anakutana na wazee waliovuta mivukuto wakiwa watoto. Daftari moja inatosha: jina la chombo katika lugha ya kijiji, jina la fundi, kazi yake. Kiisha hapo, hata kikitundikwa ukutani, kitakuwa na neno la kusema kwa wajukuu. Tuulize sasa, maana wazee hao hawatatungojea.