Mwinamo fiche

Siku moja ya gulio Nyandira, juu Mgeta kwenye milima ya Uluguru, nilimkuta kijana akipakia kabichi kwenye lori la Dar es Salaam. Karoti zilikuwa zimeoshwa zinang'aa, plamu zimejaa matenga. Alipopumzika, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye soda na biskuti. Nilimuuliza mbona matunda yapo. "Hata sijui, mjomba. Nimejikuta tu nimeshika."

Hicho kilichomshikisha ndicho kinachotafutiwa jina la Kiswahili. Wengi hukiita "upendeleo usio wa kukusudia". Mimi neno hilo silikubali hapa. Upendeleo ni mwalimu kumpa mwanawe maksi za bure: una lawama, na yupo aliyedhulumiwa. Mpakiaji wa kabichi hakumdhulumu mtu. "Mazoea" nalo linapwaya, kwani mazoea mtu huyajua na kuyasimulia. Hiki humalizika kufumba na kufumbua, akili haijafika.

Napendekeza mwinamo fiche. Mluguru hahitaji kuelezwa: shamba limeinama, maji yanashuka, hayangoji ushauri.

Na kinachofanyika kwenye kompyuta ili kuupunguza mwinamo huo ni mazoezi, si mafunzo, maana hakuna somo. Picha ya tunda ikitokea, unabonyeza upesi. Ikitokea ya chipsi, unazuia kidole. Unarudia mamia ya mara. Zoezi jingine ni la kijiti cha gemu: unakivuta kwako picha ikue, unakisukuma mbele isinyae. Reinout Wiers na wenzake walilitumia kwa wagonjwa wa pombe nchini Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kwa upande wa chakula, Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kimetengeneza programu ya simu. Majaribio mengine yamefaulu, mengine hayakuonyesha tofauti yoyote.

Ndiyo maana nakwepa "kuondoa" na hata "kurekebisha". Matuta hayaondoi mlima. Hupunguza kasi ya maji, na yasipotunzwa masika huyabomoa. Tena matuta ya kulazimishwa na wakoloni yalizua ghasia Uluguru mwaka 1955, na mazoezi haya nayo hayafai kulazimishwa: ni ya mtu aliyekwisha kutaka kubadilika.

Basi niseme "mazoezi ya kukinga mwinamo fiche". Picha zake ziwe za plamu, karoti mbichi na biskuti ileile ya dukani Nyandira. Mkono wa yule kijana hauinamii baga.