Uboreshaji wa silinda hedi

Uboreshaji wa silinda hedi ni kazi ya kurekebisha sehemu ya juu ya injini ya mwako wa ndani ili ipitishe hewa kwa wepesi zaidi, igandamize zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta, au ifunge bila kuvuja. Hufanyika kwa magari ya mashindano, na pia katika karakana za kawaida injini ya zamani inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa.

Muundo

Silinda hedi, ambayo mafundi wengi huiita "hedi" tu, hufunika silinda kwa juu. Hutengenezwa kwa chuma cha kusubu au kwa alumini. Ndani yake kuna chemba za mwako, njia za kuingiza hewa, njia za kutoa moshi, valvu na mifereji ya maji ya kupoza. Kati ya hedi na bloku huwekwa gasketi.

Historia

Mwaka 1912 gari la Peugeot lililoendeshwa na Georges Boillot lilishinda Grand Prix ya Ufaransa. Injini yake ilikuwa na kamshafti mbili juu ya hedi na valvu nne kwa kila silinda, mpangilio ambao leo uko katika magari mengi ya kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mhandisi Mwingereza Harry Ricardo alionyesha kwamba umbo la chemba linaloivuruga hewa hufanya mafuta yaungue haraka na hupunguza kugonga kwa injini.

Katika Afrika ya Mashariki, mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404, gari lenye hedi ya alumini na chemba za umbo la nusu tufe.

Njia zinazotumika

* Kulainisha na kupanua njia za hewa. Vizuizi vya ndani huondolewa ili silinda ijae vizuri. Njia ikipanuliwa kupita kiasi, mwendo wa hewa hupungua na gari hukosa nguvu katika mizunguko ya chini.
* Kurekebisha valvu na viti vyake. Kiti huchongwa kwa pembe tatu, mara nyingi nyuzi 30, 45 na 60, kisha valvu husagwa hadi ikae sawasawa.
* Kuchonga uso wa hedi. Chemba hupungua ukubwa na uwiano wa mgandamizo hupanda.

Mfano wa hesabu

Silinda yenye kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa pistoni wa milimita 80 ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 400. Ikiwa nafasi inayobaki juu ya pistoni ni 50, uwiano wa mgandamizo ni (400 + 50) ÷ 50 = 9. Ikiwa mdomo wa chemba ni mpana kama silinda, kuchonga milimita 1 huondoa takriban sentimita za ujazo 5. Uwiano mpya ni (400 + 45) ÷ 45 = 9.9.

Kwa nadharia ya mzunguko wa Otto, ufanisi hupanda kutoka asilimia 58.5 hadi 60. Kwa mafuta yaleyale, kazi inayopatikana huongezeka kwa chini ya asilimia 3.

Athari ya mwinuko: mfano wa Manyoni

Mji wa Manyoni, mkoani Singida, uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hivyo kuchonga hedi hakurudishi nguvu yote iliyopotea.

Hewa nyepesi pia hupunguza kugonga. Injini iliyochongwa inaweza kufanya kazi bila tatizo Manyoni, lakini ikaanza kugonga gari linaposhuka hadi Dar es Salaam. Kugonga kukiendelea huweza kutoboa pistoni au kuchoma gasketi.

Barabara kuu kutoka Dodoma hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Kintinku na Manyoni. Kwenye mpando mrefu wa namna hiyo injini yenye mzigo hupata joto jingi. Rejeta ikiwa imeziba, hedi ya alumini huweza kupinda, na kuongeza mgandamizo huzidisha hatari hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuongeza nguvu, fundi hupima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na fila geji. Injini nyingi haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.1 hivi; kipimo halisi hutajwa katika kitabu cha injini. Uvujaji wa valvu hupimwa kwa kumimina mafuta ya taa ndani ya chemba na kuangalia kama yanapita.

Katika injini nyingi, hasa za dizeli, nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo sana. Hedi ikichongwa bila kupima nafasi hiyo, valvu hugonga pistoni na kupinda. Baadhi ya injini hutumia gasketi nene zaidi kufidia kiasi kilichoondolewa.

Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Risasi ilikuwa ikilinda viti laini vya valvu, hivyo hedi nyingi za zamani za chuma cha kusubu huhitaji kuwekewa viti vya chuma kigumu.