Mound Bayou: hospitali iliyojengwa kwa michango ya chama

Leo twende Mound Bayou, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, Marekani. Ulianzishwa mwaka wa 1887 na watu weusi waliotoka utumwani, akiwemo Isaiah Montgomery.

Wakati ule wa ubaguzi, mgonjwa mweusi akifika kwenye hospitali za wazungu alilazwa kando, au alirudishwa nyumbani. Chama cha kindugu kiitwacho Knights and Daughters of Tabor kikakataa hali hiyo. Wanachama wake, wengi wakiwa wakulima wa pamba katika mashamba ya wengine, walichanga kidogo kidogo. Mwaka wa 1942 Hospitali ya Taborian ikafunguliwa. Madaktari na wauguzi walikuwa weusi, na mpasuaji mkuu alikuwa Daktari T.R.M. Howard. Aliyelipa ada yake ya mwaka alikuwa na haki ya kitanda, tena aliingia kwa mlango wa mbele.

Katika miaka ya 1960 ada hazikutosha tena. Serikali ilileta pesa, na chama kikapoteza usimamizi. Fannie Lou Hamer, mtetezi wa haki ya kupiga kura, alifia humo mwaka wa 1977. Mwaka wa 1983 milango ikafungwa.

Sisi tunaocheza likelemba, hata kambini, tunajua kwamba kidogo cha wengi hujenga nyumba. Mound Bayou inatuachia swali: msaada mkubwa ukifika, ufunguo wa nyumba hiyo utabaki mkononi mwa nani?