Lilanga Naye Alikuwa na Vipindi

Pablo Picasso alizaliwa Málaga, Hispania, mwaka 1881, akafariki Ufaransa mwaka 1973. Vitabu vya historia ya sanaa humgawa kwa vipindi: cha buluu kilichoanza mwaka 1901, cha waridi, kisha kubizimu, yaani kulivunja umbo na kulionyesha kwa pande zake nyingi kwa wakati mmoja, hadi Guernica ya mwaka 1937. Kubadilika kwake huhesabiwa kuwa ndiko kipaji chenyewe. Mwaka 1907 alivitazama vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro jijini Paris, navyo vikachangia mgeuko wake mkubwa. Waliovichonga hawatajwi majina.

Je, msanii wetu huruhusiwa kuwa na vipindi? Nilikuwa na wanafunzi wangu Mikumi, wilayani Kilosa, kwenye vibanda vya sanaa kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa. Mmoja wao aliuliza ni nani aliyechora picha ya twiga iliyokuwa mbele yetu. Muuzaji akajibu bila kusita: "Tingatinga." Rangi ilikuwa bado inanukia, ilhali Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972. Simlaumu muuzaji, ana watoto wa kusomesha. Lakini jina la mtu limekwisha kuwa jina la bidhaa. Mzaliwa huyo wa Tunduru, aliyepata kuwa kibarua katika mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora mnamo mwaka 1968, akauawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Picasso angekufa baada ya miaka minne ya kazi, tungemjua kwa lipi?

Aliyepata muda wa kutosha ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 Masasi, katika jamii ya Wamakonde. Kusini ile ndiyo iliyopeleka vibarua wengi kwenye mkonge, Kilosa na Kimamba zikiwamo, na pamoja nao zikasafiri ngoma na kazi ya kuchonga. Lilanga alianza na mpingo, akiyachonga mashetani, mtindo ambao Samaki Likankoa aliuanzisha katika miaka ya 1950. Miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku.

Hapo ndipo historia yake inaponivutia zaidi. Mlinzi huyo alianza kuchora. Mashetani wa mpingo wakashuka kwenye karatasi na ngozi ya mbuzi, kwa mistari myeusi. Wakaingia kwenye chapa. Baadaye wakavaa rangi kali za mafuta juu ya hadibodi, wamebanana, vidole viwili mguuni, masikio makubwa, matumbo mbele, wakisengenyana, wakicheza ngoma, wakigombea chakula. Hata alipochonga tena, alichukua mti mwepesi na kuupaka rangi, jambo ambalo mteja wa mpingo wa kung'arishwa angeliona ni kosa. Shetani wa kutisha alikuwa amegeuka jirani wa uswahilini. Mimi huona humo historia ya kijamii ya jiji letu iliyo hai kuliko ripoti nyingi nilizozisoma.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Miaka ya mwisho kisukari kilimlemaza, akafanya kazi akisaidiwa na ndugu na wanafunzi wake. Wapo wanaozishuku picha za kipindi hicho kwa sababu hiyo. Wakumbuke kwamba Rubens naye alikuwa na karakana iliyojaa wasaidizi, na bado ni Rubens.

Lilanga alifariki Juni 2005, siku ambazo kazi zake zilikuwa zikizunguka Ulaya katika maonyesho ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004. Nyingine zimo katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, Geneva. Picasso ana makumbusho Barcelona tangu mwaka 1963, Paris tangu 1985 na Málaga tangu 2003. Mwanafunzi wangu wa Kilosa anayetaka kuufuata mkono wa Lilanga, kutoka mpingo hadi hadibodi, huanza kwa kuniuliza habari za viza.